Koki ya Tangi la Pili

Babu alipoomba lori lifufuliwe, mimi ndiye niliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote nyumbani. Nilimwambia lori halina tairi hata moja lenye upepo, kuku wamelifanya banda, na mti wa kokoa umeingiza tawi dirishani likatokezea upande wa pili. Nilisema mengi, maana mimi nikianza kusema sijui kufunga breki. Babu alinisikiliza akiwa amelala chali, mikono juu ya blanketi, na nilipomaliza akasema hataki kulipanda. Anataka kulisikia tu.

Wakati huo alikuwa hainuki kitandani bila kushikwa. Miguu ilishamkimbia, macho yalikuwa njiani kuifuata, lakini masikio alikuwa nayo mazima kuliko yangu. Alijua nani anapita uani kwa kusikia kandambili zake. Mtu wa namna hiyo akikuambia anataka kusikia kitu kabla hajafa, unaweza kupinga asubuhi, lakini jioni utakuwa umeshaanza kutafuta fundi.

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi. Babu aliliendesha akiwa askari dereva, na jeshi lilipolichoka na kulipiga mnada, yeye naye akiwa amestaafu, alilifuata na kulinunua kama mtu anayemrudia mke wake wa kwanza. Alilitumia kubebea mpunga na kokoa kutoka vijiji vya Ngonga na Ndandalo kwenda Itungi, enzi hizo meli zikipakia pale kuelekea kusini. Wazee wa huku bado wanaukumbuka mlio wake. Wanasema ulikuwa ukilisikia limetoka Itungi, unaweza kuinjika wali, ukala, ukanawa, ndipo lipite. Kisha siku moja, miaka michache kabla sijazaliwa, lilizimika njiani likiwa linampeleka mama yangu hospitali na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mtoto alizaliwa ndani ya lori akiwa amekufa. Lori likavutwa na ng'ombe mpaka nyumbani, likaachwa kwenye kokoa, na halikuguswa tena.

Nilikua nikiijua habari hiyo kwa maneno mawili tu: dizeli iliisha. Ukiuliza zaidi unatumwa maji kisimani. Mtoto yule amezikwa nyuma ya nyumba kwenye migomba, na sisi tuliozaliwa baadaye tulifundishwa kupita pale bila kukimbia. Mimi ndiye niliyemfuata. Tangu utotoni nimeambiwa kwamba nilipita njia aliyoifungua mwenzangu, na kuna siku, nikiwa mtu mzima na watoto wangu, bado nahisi nimekalia kiti cha mtu aliyetoka mara moja na ambaye anaweza kurudi.

Inabidi nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo mengine hayatakuwa na kichwa wala miguu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Si kwamba wamegombana. Ni heshima, kwa lugha yetu ukutila, na heshima hiyo ina sheria zake. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, haongei naye, hataji jina lake, na akimwona njiani anachepuka kwenye majani mpaka apite. Mzee naye hivyo hivyo. Kukiwa na jambo la lazima, linapitishwa kwa mtoto, na mtoto asipokuwepo linapitishwa kwa kitu chochote kilicho karibu. Mzee anaweza kuuambia mlango kwamba leo njaa imembana, na aliye jikoni akasikia.

Siku hizi yameisha. Baba mkwe wangu mimi hunitumia vichekesho kwenye simu kabla sijanawa uso, na vingine si vya kutumwa na mzee wa kanisa. Lakini mama na babu waliishika ukutila mpaka mwisho. Wenzao walilegeza mmoja baada ya mwingine, wachungaji wakahubiri, wao wakabaki vile vile. Waliishi kiwanja kimoja miaka yote. Baba yangu alifariki, bibi akafariki, mama akaendelea kumpikia babu na sisi tukaendelea kumpelekea sahani. Sijawahi kuwaona chini ya paa moja, hata mvua ikinyesha.

Mimi nina mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo injini ya dizeli si mgeni kwangu. Hata hivyo lori si mashine ya mpunga. Nilimwita fundi wa malori kutoka mjini Kyela, mtu mnene mwenye maneno matamu, ambaye kila tatizo kwake lilikuwa “dogo tu” mpaka pale alipolishindwa. Tulikata tawi la kokoa, tukafukuza kuku, tukafungua boneti. Injini ilikuwa nzima kuliko tulivyotarajia. Babu alikuwa ameimwagia mafuta kabla ya kuiacha, jambo ambalo lilinishangaza. Mtu aliyelikasirikia gari haliwekei mafuta.

Kilichobaki kilikuwa njia ya dizeli, na hiyo ndiyo iliyotufundisha adabu. Dizeli hutoka tangini kwa bomba, ikanyonywa na pampu ndogo, ikapita kwenye chujio, ikafika kwenye pampu kubwa inayoisukuma kwa nguvu mpaka kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya injini. Baada ya pampu, hali ni nyepesi: bomba likipasuka dizeli inamwagika, unaona, unaziba. Shida iko kabla ya pampu, pale inaponyonywa. Bomba likitoboka pale hakuna kinachomwagika. Upepo ndio unaoingia, kimya kimya, na injini ya dizeli ikishameza upepo inakufa hata kama tangi limejaa mpaka shingoni. Wewe unapapasa bomba, unakuta kavu, unasema hili zima. Ndivyo nilivyowahi kuhangaika na mashine yangu wakati wateja wamepanga magunia mpaka barabarani, kumbe ni tundu la kupenya sindano.

Lori lilikuwa na matangi mawili, moja kila ubavu. Fundi alisema tuachane na la kushoto, moja linatosha kuunguruma. Tukaliosha la kulia, tukaweka dizeli mpya, tukabadilisha mipira yake ya kupitishia dizeli, tukatoa upepo kwa kulegeza skrubu ya chujio na kupampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha. Fundi akapanda, akawasha.

Liliwaka. Sitasahau. Moshi mweusi ulifunika migomba, watoto wakapiga kelele, jirani zetu wakatoka, na mimi niliyepinga kuliko wote nilijikuta napiga makofi. Kisha mlio ukaanza kukonda. Ukakohoa mara mbili, ukapanda kidogo kama unataka kurudi, ukazima.

Tulitoa upepo tena. Likawaka, likakonda, likakohoa, likapanda kidogo, likazima. Kesho yake hivyo hivyo. Fundi alibadilisha kila washa ya shaba, vile vipete vya kuzibia viungo vya mabomba, akasema ni jambo dogo tu. Mimi nilianza kuuogopa ule mlio. Mlio wa kukohoa wa injini naujua, nimeishi nao, lakini huu ulikuwa na mpangilio ule ule kila mara, kama mtu anayerudia maneno yake ya mwisho. Nikiwa kwenye mashine yangu, mbali kabisa na nyumbani, nilikuwa nausikia katikati ya kelele za mpunga, nikazima mashine na kusikiliza, na wateja wakanitazama.

Babu aliniita. Nilidhani atanilaumu kwa kumpigia kelele bila mafanikio. Nilimkuta ameshikilia blanketi kwa vidole vyote.

“Lilikufa hivyo hivyo,” akasema.

Nikamuuliza lini, ingawa nilijua. Aliniuliza kama nimeiona koki. Nikasema koki gani. Akasema iko chini ya kiti cha abiria, mkono wa kushoto, na ndiyo inayochagua injini inywe tangi lipi. Kisha akasema neno ambalo ndilo alilokuwa amelibeba tangu aanze kutusumbua na lori lake.

“Ukiiona usiiguse. Njoo kwanza uniambie imeelekea wapi.”

Mlango wa kushoto haukuwa umefunguliwa tangu siku ile. Tulikuwa tukipita upande wa dereva, na hakuna aliyekaa wala kuweka kitu upande ule, hata spana. Fundi alikuwa amekwenda mjini. Nilikwenda peke yangu, mchana, jua likiwa limesimama, nikapigapiga bawaba kwa nyundo mpaka mlango ukalegea. Sikuwa na sababu ya kuogopa. Niliogopa. Ndani kulikuwa na harufu ya vumbi na vinyesi vya kuku kama kwingine kote, lakini nilisema hodi kabla ya kuingiza kichwa, na nikasubiri kidogo.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa misumari. Ilikuwa imepigwa kwenye paa la ndani, katikati ya kiti cha dereva na cha abiria, kwa mstari kutoka kwenye kioo cha mbele mpaka nyuma. Kwenye misumari ile kulikuwa bado na nyuzi za ukindu. Mtu alitundika mkeka pale, akaigawa ile sehemu vyumba viwili. Nilizishika zile nyuzi kwa muda kabla sijaelewa, na nilipoelewa nikaziachia upesi.

Kisha nikainua kiti. Koki ilikuwa pale sakafuni, ya shaba, imeota kijani. Mabomba mawili yanaingia, moja kutoka kila tangi, na moja linatoka kwenda kwenye injini. Mpini ukilala kulia injini inanyonya tangi la kulia. Ukilala kushoto inanyonya la kushoto. Huu haukulala popote. Ulikuwa umesimama katikati, umeganda kwa kutu.

Nilikwenda kwenye tangi la kushoto, lile tuliloambiwa tuachane nalo, nikafungua kifuniko kwa patasi. Dizeli ilikuwa imefika shingoni. Ilikuwa nzito na nyeusi, inanuka kama rangi iliyooza, lakini ilikuwepo. Dizeli haikuisha. Siku ile mama yangu alizaa maiti akiwa ndani ya lori lenye tangi zima la dizeli, na kitu kilichotakiwa kugeuzwa kilikuwa miguuni pake. Niliketi kwenye tairi bovu.

Hasira ndiyo iliyoninyanyua. Niliingia kwa babu bila kubisha, mikono inanuka, nikamwambia dizeli ipo, tangi limejaa, na koki imesimama katikati.

“Katikati,” akasema. “Haikulala kulia?”

“Katikati, babu.”

Alivuta blanketi akajifunika uso. Nilisimama pale nikiwa bado na hasira yangu, sijui niitue wapi. Nikamsikia akisema chini ya blanketi, “Basi aligeuza.” Akalia. Sikuwahi kumwona babu akilia, hata kwenye msiba wa baba yangu, ambaye alikuwa mwanawe wa pekee.

Alinisimulia akiwa amejifunika hivyo hivyo. Siku ile watu wote wa jirani walikuwa wamevuka mto kwenda kuzika. Mama alibaki kwa sababu ya mimba, yeye alibaki kwa sababu ya kidonda cha mguu, na baba yangu alikuwa kazini melini. Uchungu ulimkuta mama kabla ya siku zake. Babu alimsikia kupitia ukuta. Hapakuwa na mtoto wa kutumwa. Mvua ilikuwa inapiga na nyuma ya lori hapakuwa na turubai, kwa hiyo alichukua mkeka wa kulalia na misumari akatengeneza pazia, akaacha mlango wa kushoto wazi, akauambia ukuta kwamba lori linakwenda hospitali. Alipanda upande wake, akasubiri mpaka aliposikia mlango umefungwa.

Tangi la kulia liliisha wakati wamefika kwenye majaruba ya mpunga. Siku nyingine zote angeinama na mkono wa kushoto, akaigeuza koki bila hata kupunguza mwendo. Siku hiyo kati ya mkono wake na koki palikuwa na mkeka, na nyuma ya mkeka palikuwa na mke wa mwanawe, akiwa katika hali ambayo hata mumewe hakutakiwa kuiona. Injini ikakonda. Alisema maneno, hayakwenda kwa mama bali kwa usukani. Injini ikapanda kidogo, ikazima. Alijua upepo umeingia. Akashuka, akaenda kutafuta wanawake, akiburuza mguu kwenye matope, na aliporudi nao ilikuwa imekwisha.

Hakuitazama koki ile tena. Aliamini haikugeuzwa, kwamba ule mlio wa kupanda ulikuwa matone ya mwisho. Aliamini mkamwana wake alimsikia na akachagua kutoyajibu maneno yake, kama alivyofundishwa, na kwamba yeye mwenyewe, aliyeweza kuinua mkeka kwa mkono mmoja, hakuuinua. Akasema miaka yote alikuwa anajiuliza kama kilichoushika mkono wake ni heshima au ni woga. Nilitaka kumwambia ni heshima.

Kuna methali isemayo mficha uchi hazai. Nilipokuwa msichana, jirani mmoja aliisema mbele ya mama kwa habari nyingine kabisa, ya mtu aliyekuwa akificha shida zake za mkopo. Mama aliweka chini ungo, akaondoka, na hakuongea na yule jirani mpaka msimu mwingine wa mpunga. Sisi tulicheka tukasema mama ana nongwa. Sasa nilimkuta uani, ameanika mpunga kwenye turubai, anaugeuza kwa reki, na methali ile ikanijia mdomoni kama kitu kichungu.

Nilimweleza nilichokiona. Hakusimamisha reki.

“Alikuwa anaongea na usukani,” akasema. “Anauambia, laiti kungekuwa na mtu chini huko wa kukigeuza kile chuma. Nikakitafuta kwa mguu, nikakipata, nikakishika. Kilikuwa kigumu. Nilikigeuza mpaka kikagoma.”

“Halafu?”

“Likaunguruma kidogo, likazima. Nikajua nimekivunja.”

Hivyo ndivyo alivyoishi. Aligusa chuma cha baba mkwe wake, na lori likafa mkononi mwake, na mtoto naye. Hakumwambia mumewe wala mama yake mzazi. Na yule mmoja ambaye angeweza kumjibu kwa neno moja, ambaye aliijua koki ile kuliko mtu yeyote, alikuwa nyumba ya pili, anakula alichompikia, na hakuna mtoto ambaye ungeweza kumtuma na swali kama hilo.

Hapo elimu yangu ya dizeli ikanigeukia. Ningeweza kunyamaza. Lakini mama aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, kama kweli kilivunjika. Nikasema hapana. Nikamweleza kwamba koki ikisimama katikati injini inanyonya matangi yote mawili, na tangi moja likiwa tupu, kinachotoka huko ni upepo, na upepo ni mwepesi, unafika kwanza. Ndiyo maana lilipanda kisha likafa. Ndiyo maana liliendelea kufa mikononi mwetu, maana lilikuwa linanyonya upepo kupitia mpira uliooza wa tangi la kushoto.

“Kilikuwa kimebaki kiasi gani?” akauliza.

Nilimwonyesha kwenye mpini wa reki, kwa vidole. Alipatazama pale nilipomwonyesha.

“Kumbe kidogo,” akasema, na akaendelea kugeuza mpunga.

Nikarudi kwa babu nikamwambia kwamba mama alidhani amekivunja. Babu akasema nimwambie hakukivunja, na kwamba kilikuwa kigumu hata kwa mwanaume, na kwamba yeye ndiye aliyesahau kusema kigeuzwe mpaka mwisho. Nilibeba maneno hayo kuvuka ua. Ni hatua chache, kuku wanavuka kila saa. Mama alisikiliza, akasema, “Ndaga,” yaani asante. Nilimsihi aende akasimame mlangoni tu, asiseme neno. Akaniuliza akisimama pale auweke wapi uso wake. Nilikasirika, nikasema mambo kuhusu mila ambayo sikupaswa kumwambia mama yangu. Aliniacha nimalize. Kisha akanipa sahani ya babu nikaipeleke.

Fundi aliporudi tuliing'oa koki, tukailoweka kwenye mafuta ya taa mpaka ikalegea, tukaisafisha, na ule mpira uliooza wa kushoto tukaubadilisha. Tulimwaga ile dizeli ya zamani kutoka tangi la kushoto kwenye shimo mbali na migomba. Harufu yake iliingia kwenye ngozi yangu. Niliisikia kwenye wali, niliisikia kwenye nywele za wanangu nikiwasuka. Nilipokuwa naimwaga nilikuwa na wazo moja ambalo lilikataa kuondoka, kwamba dizeli hii iliwekwa ili imfikishe yule mtoto hospitali, na imekaa hapa miaka yote ikisubiri kutumwa.

Lori lilinguruma vizuri babu akiwa ameshapelekwa hospitali mjini. Nilirekodi mlio kwenye simu nikaenda kumwekea sikioni. Akasikiliza kwa makini, macho yamefungwa, nikamwona anatafuta kitu ndani ya ule mlio. Kisha akasema hiyo ni simu, si lori. Tulicheka, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Alifariki kabla sijapata namna ya kulileta lori mpaka chini ya dirisha lake.

Ikaamuliwa lori ndilo limrudishe nyumbani, tukalifunga tairi za kuazima. Asubuhi, wakati nalikagua, mama alikuja kwenye kokoa. Hakuwahi kulikaribia nikiwepo. Alisimama mbali kidogo, amefunga kanga ya msiba, akatazama mlango wa kushoto.

“Tangi la kulia weka kidogo,” akasema. “La kushoto jaza.”

Mimi nisiyejua kufunga breki ya mdomo, sikuuliza chochote. Nikafanya kama alivyosema.

Tulipolitoa hospitali na jeneza nyuma, wanaume wakilishikilia na kuimba nyimbo za kanisani, mama alikuja upande wa kushoto, akafungua mlango mwenyewe, akapanda. Misumari nilikuwa sijaing'oa. Ilikuwa kati yetu, mitupu, nami nilikuwa kwenye kiti cha babu. Tukapita mjini taratibu. Wafanyabiashara wa maduka walisimama nje wakiwa wameegesha milango nusu, wazee wa msikitini wakaweka mikono kifuani, na kwa mara nyingine watu wa Kyela wakausikia ule mlio. Mama alitazama mbele. Mikono yake ilikuwa magotini.

Lilianza kukonda tulipofika kwenye majaruba. Sijui kama ni pale pale. Majaruba yote yanafanana, na mama hakusema. Nilisikia ule mlio ukipungua, nikajua unaofuata ni kukohoa, na fundi, aliyekuwa nyuma na jeneza, akagonga paa, maana alijua kama nilivyojua mimi kwamba ukichelewa upepo ukaingia tutazima katikati ya barabara na maiti. Mkono wangu wa kushoto ulitoka kwenye usukani wenyewe. Niliurudisha. Nikaushikilia pale kwa nguvu, nikakaza macho barabarani, na sikumtazama mama.

Lori likakohoa. Mama alikuwa ameshainama. Niliona kwa pembe ya jicho mgongo wake, mabega yake yakifanya kazi, mikono yote miwili ikiwa chini, na nikasikia shaba ikisaga shaba, polepole, mbali zaidi, mpaka ikagonga mwisho wake. Likakohoa mara ya pili. Mlio ukapanda kidogo, kama siku zote. Ukaendelea kupanda. Ukashika.

Mama aliinuka. Nyuma ya viti kuna kidirisha kidogo cha kutazamia mzigo, na kioo chake kilishavunjika zamani. Aligeuka mwili mzima, akaweka uso wake pale, akatazama moja kwa moja kule alikolala babu, na akasema kwa sauti kubwa, kama unavyosema na mzee:

“Baba. Nimeifikisha mwisho.”

Wanaume waliokuwa nyuma wakakatisha wimbo. Mama hakuuondoa uso wake kidirishani. Alibaki vile, akisubiri, kama mtu aliyepiga hodi, na mimi nikaendesha.